Kipande Si Mwezi

Jumatatu asubuhi, kabla sijanywa hata chai, nilipokea kwa simu picha za sura ya tatu ya tasnifu yangu. Msimamizi wangu ni mtu wa zamani katika mambo haya: huichapa kazi kwenye karatasi, huisahihisha kwa kalamu nyekundu, kisha humwagiza kijana wa steshinari aipige picha ukurasa baada ya ukurasa. Kurasa kumi na tisa za mwanzo zilikuwa na masahihisho ya kawaida, koma hapa na tanbihi pale. Ukurasa wa ishirini, wenye jedwali la mapato ya wakata mkonge lililonichukua miezi miwili kulikamilisha, haukuwa na alama yoyote isipokuwa duara moja jekundu lililozungushwa kwenye neno "mwezi", na pembeni yake maneno matatu: "Mwezi wa nani?"

Wiki yangu yote iliishia humo. Watu wengi huniuliza mwanafunzi wa uzamivu wa historia hufanya nini tangu Jumatatu hadi Jumapili, nami huona haya kujibu, kwa sababu jibu la kweli, yaani kwamba anaweza kukaa siku saba akilizunguka neno moja, halimridhishi mtu, hasa jamaa anayetaka kujua utaanza kazi lini. Safari hii nimeamua kuieleza wiki hiyo kama ilivyokwenda.

Utafiti wangu unahusu wafanyakazi wa mashamba ya mkonge ya Tanga kuanzia miaka ya 1920 hadi miaka ya 1960. Aliyekulia Muheza, Korogwe au Pangani hahitaji kuelezwa mkonge ni nini, ila huenda hajui jinsi mmea huo ulivyo mgeni kwetu. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida nchini Marekani. Ikapitia Hamburg, na ilipofika pwani yetu ilikuwa imebaki hai 62 tu, ambayo ilipandwa Kikokwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mjini kuelekea bara. Ilikwenda mwendo wa kobe, ikafika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, lakini bila reli hiyo singa za mkonge zisingeweza kuteremshwa bandarini kwa wingi uliokuja kufikiwa baadaye. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa takriban tani 230,000, kiasi ambacho hakijafikiwa tena mpaka leo.

Tani hizo zilikatwa jani kwa jani kwa mikono ya watu ambao wengi wao hawakuwa wenyeji wa Tanga. Walitoka Kigoma, Songea, Njombe, Ruanda-Urundi na Msumbiji, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba aliyopewa kila aliyeandikishwa kwa mkataba, na tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao maalumu, SILABU, kilichokwenda kuwatafuta huko kwao na kuwasafirisha. Sura yangu ya tatu inauliza swali ambalo linaonekana jepesi: watu hawa walipata kiasi gani kwa mwaka? Ili kulijibu nilikusanya viwango vya malipo kutoka katika ripoti za idara ya kazi za enzi ya Mwingereza, nikavipanga mwaka kwa mwaka, nikavizidisha kwa kumi na mbili, nikapata jedwali safi lenye safu zilizonyooka. Nililipenda sana jedwali lile.

Kosa lake nililijua nusu dakika baada ya kuliona duara jekundu, na kilichoniuma ni kwamba nililijua tangu zamani. Katika mashamba ya mkonge malipo hayakutolewa kwa mwezi bali kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30, na kila siku mfanyakazi alipomaliza kazi aliyopimiwa, nafasi moja ilitiwa alama. Nafasi zote 30 zilipojaa ndipo alipolipwa. Siku ambayo hakwenda kazini haikuandikwa; na siku aliyokwenda lakini hakuimaliza kazi yake iliweza kupita kana kwamba hakwenda kabisa. Kwa hiyo siku 30 za kipande zilikuwa siku 30 za kazi iliyotimia, na hakuna kalenda inayoweza kukuambia zilimalizika baada ya muda gani. Yote haya yamo katika daftari langu la mwaka jana, kwa mwandiko wangu mwenyewe, yamepigiwa mstari. Ila nilipoketi mbele ya kompyuta na kuiona tarakimu 30, mkono uliandika "mwezi", na macho hayakushtuka.

Siku nzima ya Jumatatu niliitumia kuhesabu hasara. Kama mkataji alikimaliza kipande chake kwa siku 45, basi mwaka mzima ulimpa vipande vinane na siku tano za ziada, wakati jedwali langu lilimpa kumi na viwili. Maana yake ni kwamba kwa kalamu yangu nilikuwa nimemwongezea nusu ya mapato yake, fedha ambazo hakuna karani aliyewahi kumhesabia. Juu ya hizo fedha hewa nilikuwa nimejenga aya nne zinazolinganisha maisha ya mkata mkonge na ya kuli wa bandarini, na hitimisho lililosema kwa kujiamini kwamba tofauti kati yao "haikuwa kubwa kama inavyodhaniwa". Nilizifuta aya zote nne. Shangazi yangu, ambaye ninakaa kwake Ngamiani, aliponiona nimeshika tama saa nane mchana aliniwekea sahani ya bada na samaki, akasema, "Kula kwanza, mwanangu, hao watu wako wameshakufa, hawatakimbia."

Jumanne nilirudi kwenye picha za majalada. Mwaka jana nilikaa Dar es Salaam miezi mitatu, nikienda Nyaraka za Taifa kila asubuhi na kupiga picha kila ukurasa ulioonekana kuwa na neno "kazi", kwa woga wa mtu anayejua kwamba hatakuwa na nauli ya kurudi tena karibuni. Matokeo yake nina maelfu ya picha, nyingine zina kivuli cha simu yangu katikati ya sentensi, na kuzipitia ni kazi ya kupepeta mchele usiku. Nilikuwa natafuta jambo moja tu, muda ambao kipande kilichukua kumalizika, na nilichogundua ni kwamba walioandika majalada yale walijali zaidi jambo jingine. Ofisa wa wilaya alitaka kujua watu wangapi wako kazini. Meneja alitaka kujua kwa nini leo wamepungua. Utoro umeandikwa kwa kirefu, tena kwa hasira. Mtu aliyekuwa mgonjwa siku nne, akarudi, akafiwa, akaondoka tena, akarudi tena kukijaza kipande chake, huyo anaonekana kwa mbali sana, ndani ya wastani.

Neno lenyewe lina historia nzito kuliko nilivyokuwa nimeipa. Katika milima ya Usambara, wilaya ya Wilhelmstal ambayo leo tunaiita Lushoto, utawala wa Kijerumani ulianza mwaka 1907 kuwapa Washambaa kadi zilizowalazimisha kufanya kazi siku 30 kwa mzungu katika kila miezi minne. Kadi hiyo nayo iliitwa kipande. Kenya neno hilohilo lilikuja kuwa hati ya utambulisho aliyolazimishwa kuibeba kila mwanamume Mwafrika, ikatiwa katika kibweta na kuning'inizwa shingoni, na ndiyo sababu msomaji wa Mombasa anaposikia kipande anafikiria polisi wakati msomaji wa Korogwe anafikiria mshahara. Nimekaa na jambo hili muda mrefu kuliko inavyostahili, pengine kwa sababu linanipa faraja kwamba si mimi peke yangu niliyechanganyikiwa na karatasi ndogo.

Nikiri pia kwamba Jumanne alasiri ilipotea. Nilifungua nakala za "Kiongozi", gazeti la Kiswahili lililoanza kuchapwa hapa Tanga, katika shule ya serikali, mwaka 1904, nikiwa na nia njema ya kutafuta jinsi neno kipande lilivyotumika wakati wa Mjerumani. Baada ya saa tatu nilikuwa najua mengi kuhusu mvua, misiba na safari za maofisa katika miji ambayo haihusiani na tasnifu yangu, na kuhusu kipande sikuwa na jipya. Kila mwanahistoria ana gazeti lake la kupotelea.

Jumatano niliamka saa kumi na moja kwenda shambani. Ninaposema shambani ninakusudia kijiji kimoja kilichokuwa kambi ya manamba, kando ya barabara ya kwenda Muheza, ambacho sitakitaja jina kwa sababu nimeahidi hivyo. Kumfikia mzee mmoja kijijini kunahitaji barua nyingi kuliko kuvuka mpaka: kibali cha utafiti, barua ya chuo, barua ya mkoa, ya wilaya, ya kata, kisha mwenyekiti wa kijiji ambaye husoma zote tano kwa utulivu, huzikunja, na kuuliza, "Sasa wewe ni mtoto wa nani?" Nikishajibu swali hilo ndipo kazi huanza. Nilipanda daladala stendi ya Kange, nikashuka njia panda, nikachukua bodaboda iliyonipitisha katikati ya mistari ya mkonge, mingine imelimwa upya na mingine imemezwa na vichaka, tukasimama mbele ya ofisi ya zamani ya shamba.

Ofisi hiyo nilikuwa nimeipigia hesabu tangu mwaka jana. Niliambiwa kwamba stoo yake ilikuwa na madaftari ya malipo ya miaka na miaka, na madaftari hayo ndiyo hasa yangejibu swali la duara jekundu, kwa kuwa yangeonyesha tarehe kipande kilipofunguliwa na tarehe kilipolipwa. Mlinzi alinifungulia stoo kwa ukarimu kabisa. Ndani mlikuwa na matairi, mapipa mawili na kichuguu cha mchwa kilichofika kifuani mwangu. Madaftari, alisema, yalikuwepo. Mengine yaliliwa, mengine yalinyeshewa, na yaliyobaki mazima yalichukuliwa na akina mama wa sokoni kufungia karanga, kwa idhini ya mtu ambaye naye aliona anasafisha stoo. Nilimuuliza ilikuwa lini. Akafikiri, akasema, "Haijapita miaka sita." Niliketi juu ya tairi. Sikulia, lakini nilikaa hapo muda mrefu kiasi kwamba mlinzi aliniletea maji.

Bibi niliyekuwa nimeahidiwa aliishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Alizaliwa kambini, baba yake na mama yake walikuwa Waha waliotoka Kigoma, na yeye mwenyewe baadaye aliolewa na mkata mkonge wa kambi hiyohiyo. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani kwa urefu unaotakiwa, akamwagiza mjukuu alete kigoda. Nikamsomea fomu ya ridhaa. Aliisikiliza yote, akauliza kama akitia dole gumba atalipwa, nikasema hapana, akacheka na kusema kwamba basi hiyo ni ya kweli, kwa sababu za uongo ndizo zinazoahidi fedha. Akachovya dole kwenye wino.

Niliuliza swali langu vibaya, kama ninavyofanya mara nyingi. Nilisema, "Bibi, kwa mwezi baba yako alikuwa akipata shilingi ngapi?"

"Mwezi gani?"

"Yaani kila mwezi, mshahara wake."

Akanitazama kwa huruma kidogo. "Mjukuu wangu, sisi hatukuwa na mwezi. Tulikuwa na kipande. Mwezi unatembea wenyewe, hata ukilala unaukuta umekwenda. Kipande hakitembei. Kipande lazima ukitembeze."

Nimeirudia kauli hiyo mara nyingi katika kinasa sauti tangu siku hiyo, na bado naona kwamba imeyasema kwa sentensi tano yale niliyohangaika nayo kwa kurasa ishirini. Ila haikuwa kauli ya kupamba mazungumzo. Aliifuata kwa maelezo ya kina ambayo sikuyaona katika jalada lolote. Alinieleza jinsi mnyapara alivyokagua mafungu ya majani jioni na jinsi fungu moja likipungua siku nzima ilivyoweza kukataliwa. Alinieleza habari za masika, ambapo njia za shambani ziligeuka tope, mtu akachelewa, jua likamtupa mkono na kazi haijaisha. Miba ya mkonge humchoma mtu jicho, akakaa ndani wiki mbili huku kadi ikimsubiri juu ya dirisha. Wakati wa kilimo mama yake alimwomba baba yake apumzike siku tatu ili wapande mahindi yao nyuma ya kambi, na baba yake, baada ya kuitazama kadi yake, akakataa, kwa sababu zilikuwa zimebaki siku nne tu.

Nikamuuliza vipande vingapi vilimalizika kwa mwaka. Akasema hakuna aliyekuwa akihesabu mwaka. Lakini alihesabu kwa ajili yangu, kwa vidole, akipita kwenye misimu mmoja mmoja, na akafika mwisho akasema kwamba mwaka mwema baba yake aliweza kutimiza vipande tisa, na mwaka mbaya sita. Huo ni ushahidi wa mtu mmoja kuhusu baba mmoja, tena unatoka kwa mtu aliyekuwa mtoto, na mwanahistoria anayejiheshimu hawezi kuuchukua na kuwavika maelfu ya watu. Hata hivyo ni zaidi ya nilichokuwa nacho Jumanne.

Jambo lililonishangaza zaidi nilikuwa sikuliuliza. Kipande hakikuwa kipimo cha kazi ya baba peke yake. Nyumba nzima iliishi ndani yake. Mwenye duka aliandika mkopo wa chumvi, mafuta ya taa na kanga katika daftari "mpaka kipande kiishe", na alijua kadi ya kila mteja imefika wapi kuliko mke wake alivyojua. Harusi zilisubiri kipande. Kaka yake wa tatu, aliniambia, alizaliwa "katikati ya kipande cha pili baada ya mama kutoka hospitali". Nilipojaribu kuigeuza kauli hiyo kuwa mwaka wa kalenda alinipa muda nihangaike, kisha akasema, "Nyinyi watafiti ni waja leo waondoka leo. Ungekaa kipande kimoja hapa ungejua kuhesabu."

Kuhusu Alhamisi sina la kusema ila kwamba nilinukuu. Saa moja ya mazungumzo hunichukua saa tano au sita kuiandika neno kwa neno, na pale jogoo alipowika juu ya jina la mtu ninalolitaka nilirudisha nyuma mara kumi na moja. Mvua ilinyesha, umeme ukakatika mara mbili. Shangazi alipita mlangoni akauliza, "Huyo bibi leo kaja kukaa nasi?"

Ijumaa saa nne simu iliita. Alikuwa mjukuu wa yule bibi, kijana aliyeniletea kigoda. Alisema bibi yake ameamka usiku, amefungua kasha, na anataka nije, lakini nije baada ya swala kwa sababu hana haraka. Nilikuwa na kikao na wenzangu wa chuo kwa njia ya mtandao saa tisa. Nikaandika ujumbe wa udhuru, nikaenda Kange.

Alikuwa amekiweka juu ya kanga iliyokunjwa vizuri: kadi nene iliyogeuka rangi ya chai, imekunjwa mara moja katikati, miraba imepangwa kwa mistari, na ndani ya miraba alama za kalamu ya risasi zilizofifia. Katika miaka minne ya kusoma na kuandika kuhusu kipande sikuwahi kukiona kwa macho. Nilihesabu alama bila kukigusa. Zilikuwa 22.

"Hiki hakikuisha," bibi alisema.

Kilikuwa cha kaka yake mkubwa. Alitoroka. Siku ya ishirini na tatu hakwenda shambani. Alikwenda Tanga mjini, akapata kibarua bandarini, na kwa kuwa kutoroka kazi ya mkataba lilikuwa kosa la kumpeleka mtu mahakamani, hakurudi kambini kwa miaka mingi. Kadi aliisahau, au aliiacha makusudi, bibi hajui. Mama yao aliiweka katika kasha, labda akifikiri kwamba siku moja mtoto angerudi kuzikamilisha siku nane zilizobaki na kulipwa zile 22.

Niliuliza, kwa matumaini yote ya mtu aliyetoka kuona kichuguu katika stoo, kama kulikuwa na kadi nyingine, za baba, za mume wake. Akatikisa kichwa. Katika shamba lao, kipande kilichojaa kilichukuliwa na karani siku ya malipo. Ulitoa kadi, ukapewa fedha, ukapewa kadi nyingine tupu. Hakuna aliyebaki na kipande kilichotimia. Ilinichukua dakika kadhaa kuielewa maana yake. Kama hali ilikuwa hivyo na katika mashamba mengine, basi vipande vilivyolipwa vilikwenda ofisini, wakavila mchwa au vikafungiwa karanga, na vinavyoweza kuwa vimesalia ndani ya makasha ya watu ni vile visivyolipwa tu. Ushahidi uliobaki majumbani unatoka upande mmoja, na jalada la serikali, lililohesabu fedha zilizotolewa, linatoka upande wa pili. Siku 22 za kijana huyu hazimo katika ripoti yoyote ya mshahara, kwa sababu hazikuwa mshahara.

Niliomba kukipiga picha. Alikubali, kwa sharti kwamba jina la kaka yake lisionekane, maana ana watoto na wajukuu na kutoroka si jambo la kutangaza. Kabla sijapendekeza namna ya kulifunika, aliweka dole gumba lake juu ya jina, dole lilelile ambalo Jumatano lilitiwa wino na ambalo bado lilikuwa na alama ya buluu pembeni mwa ukucha. Nilipiga picha sita. Zote zina hilo dole, na nimeamua kwamba zikiingia katika tasnifu zitaingia nalo.

Wakati wa kuaga aliniuliza kama nikirudi huko Dar es Salaam nitazikuta siku zile zimeandikwa mahali. Nikasema hapana. Akasema, "Basi ziandike wewe," kwa sauti ya mtu anayemwagiza mtoto chumvi dukani, akamgeukia mjukuu wake kumuuliza kama kuku wamefungiwa.

Jumamosi jioni, ili niitoe akili yangu kwenye miraba, nilikwenda kuketi barazani kwenye kahawa, mtaa wa pili kutoka kwa Shangazi. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi melini aliniuliza ninasomea nini. Nikajibu kwa fahari kidogo, "Nasoma shahada ya uzamivu, Mzee." Kikombe kikasimama hewani. Kwa watu wa bandari, mzamiaji ni kijana anayejificha melini ili aende Ulaya bila nauli, na mzee huyo alikuwa amewaona wengi wakikamatwa. "Kumbe siku hizi kuna shahada yake?" aliuliza, na baraza zima likaangua kicheko. Nilieleza kwamba ni kuzama katika elimu. Akafikiri, akasema kwamba hata hivyo haoni tofauti kubwa: mtu anaingia mahali asipoalikwa, anakaa gizani miaka, na hajui atatokea nchi gani. Nilimlipia kahawa na kashata.

Jumapili nilikaa na jedwali. Nimeiondoa safu ya "mapato ya mwaka" yenye tarakimu moja na kuweka mbili, moja ya vipande tisa na moja ya vipande sita, huku nikieleza katika tanbihi kwamba vipimo hivyo vimetoka kwa msimulizi mmoja na kwamba nitavirekebisha nikishawasikia wengine. Kwa vipande tisa, mapato niliyoyaandika mwanzo yanapungua kwa robo. Kwa vipande sita, yanabaki nusu. Hoja yangu kuhusu kuli wa bandarini imekwisha, na sasa ninashuku kinyume chake, kwamba yule kijana aliyeacha siku 22 zake na kukimbilia mjini alikuwa amefanya hesabu sahihi kuliko yangu. Sijaiandika hoja hiyo bado. Kadi moja haitoshi. Neno "mwezi" nimelitafuta katika sura nzima na kulikuta mahali 41. Matatu yalistahili kubaki.

Chini ya jedwali nimeongeza safu mlalo moja iliyoandikwa "vipande visivyotimia", ambayo ina tarakimu moja tu, 22, na nafasi tupu pande zote. Najua msimamizi wangu ataizungushia duara. Nimemtumia sura saa nne usiku, nimechaji kinasa sauti, na nimeweka nauli ya Korogwe pembeni: kuna mzee huko ambaye bibi ameniambia alikuwa karani wa malipo, na basi la kwanza linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.